Rimoti ya Babu Mikononi mwa Mtani

Ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini alasiri, siku ya kuanua matanga ya babu. Najua saa kwa sababu nilikuwa natazama simu ili nisimtazame mtu. Mtani wetu alitoka chumbani kwa babu amevaa koti la babu la reli, kofia ya babu na mabuti ya babu ya mvua, ingawa mvua ilishakatika. Shingoni alikuwa amening'iniza rimoti ya babu kwa mkanda wake wa ngozi. Akaivuta antena mpaka ikaisha, akaielekeza kwa katekista aliyekuwa anakula pilau, akasukuma kijiti.

"Nyanyuka," alisema, kwa sauti ya babu kabisa. "Kushoto. Hiyo nyama ni ya wafiwa."

Watu walicheka. Katekista naye alicheka, akainuka na sahani yake akahamia kushoto. Bibi, ambaye ndiye mjane, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Mimi sikucheka, kwa sababu ndani ya ile rimoti kulikuwa na kazi yangu ya likizo nzima, na betri niliyokuwa nimeiunga bila swichi.

Nianze na mtani. Ni mama mmoja mzee, Mzaramo, anayekaa Ipuli. Mumewe alihamishwa na reli kutoka pwani, akafanya kazi na babu, akafa, na yeye hakurudi kwao. Sisi ni Wanyamwezi, tunakaa Chemchem, mtaa mwingine wa hapahapa Tabora. Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za misafara, wakati watu wetu walipokuwa wanabeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku mpaka pwani na kupita kwao. Sijui walifanyiana nini huko njiani. Ninachojua ni kwamba mpaka leo Mzaramo akija kwenye msiba wenu anaweza kuvaa nguo za marehemu na kutembea kama marehemu, na ninyi hamruhusiwi kununa. Siku ya mazishi huyu wetu alilala chini mbele ya gari lililobeba jeneza, akasema haliondoki mpaka babu aamke aage vizuri, maana hajazoea mtu kuondoka bila kumtukana. Gari lilizimwa. Bibi alimwambia maneno fulani kuhusu watu wa pwani na uvivu wa kuzaliwa nao, ndipo akainuka, akajikung'uta vumbi, akapisha. Baadaye aliosha masufuria yote ya msiba peke yake, kwa sababu hiyo nayo ni kazi ya mtani.

Kitu alichochukua mtani msibani hakiombwi. Kinakombolewa kwa mdomo. Jumamosi hiyohiyo bibi alikomboa koti, kofia na mabuti kwa mkupuo mmoja. Alimwambia mtani kwamba kwao nazi zinaanguka zenyewe na bado wanaagiza mtu aje kuziokota. Mtani alivua kimoja kimoja akimrudishia. Alipofika kwenye rimoti, bibi akatikisa kichwa.

"Hiyo si yangu," alisema. "Mwenyewe yupo. Aikomboe mwenyewe."

Watu wote waligeuka kunitazama. Mimi niligeuka pia kutazama nyuma yangu, kana kwamba kulikuwa na mwingine. Mtani alisubiri kidogo, kisha akasema, basi, anampa mwenyewe mpaka Ijumaa. Ikipita Ijumaa, antena anaiweka kwenye redio yake, na lile boksi la bati litakuwa la vitunguu. Akaondoka nayo.

Sasa rimoti. Ni boksi la bati rangi ya fedha, zito kama tofali. Juu lina vijiti viwili na katikati dirisha dogo lenye sindano. Ilikuwa ya padri mmoja mzungu aliyekaa parokiani zamani, kabla mama yangu hajazaliwa. Padri alikuwa na boti ndogo ya mbao aliyoichonga mwenyewe, na Jumapili baada ya misa ya pili alikuwa anakwenda nayo bwawa la Igombe. Babu alikuwa anakwenda naye kuibeba boti, na kuingia majini kuifuata iliponasa kwenye majani. Padri aliporudi kwao aliviacha vyote kwa babu. Babu aliviendesha mpaka betri zikaoza, na betri za aina ile hazikupatikana tena. Rimoti ikapanda juu ya kabati, ikakaa huko miaka yote karibu na picha ya Bikira Maria, na sisi wajukuu tuliambiwa tusiguse vyote viwili.

Mimi niko kidato cha tatu, shule ya bweni. Katika fizikia tulifundishwa kitu kinachobadilisha ukinzani wa umeme ukikizungusha, kama kile kitasa cha kuongezea sauti kwenye redio za zamani. Ndicho kitu pekee katika fizikia nilichokielewa mara ya kwanza. Likizo iliyopita nilipanda kwenye kiti nikaifungua rimoti, nikakuta kwamba vile vijiti havina uchawi wowote, ni vitasa vya sauti viwili viwili vimefichwa chini. Kilichokufa ni utumbo tu. Vijiti vilikuwa vizima.

Nilimweleza babu kwa kumwandikia kwenye karatasi, kwa sababu nikisema mambo marefu huwa napoteza mwisho. Nilimwandikia kwamba naweza kutoa saketi ya zamani na betri zilizooza, nikaweka kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiberiti ambayo itasoma vijiti, na kirusha mawimbi cha siku hizi, na ndani ya boti nikaweka kipokezi chake. Babu alisoma, akakunja, akaweka mfukoni. Kesho yake akanipa sharti moja: nje isibadilike. Vijiti vibaki, sindano ibaki, antena ibaki.

Nilimwambia antena haitakuwa na kazi tena, maana kirusha mawimbi kipya kina antena yake ndogo kama kidole, inakaa ndani.

"Hata mimi nimestaafu," babu alisema, "lakini kila asubuhi natoka nje."

Kwa hiyo antena ilibaki.

Vifaa vilikuja kwa basi kutoka Dar, vimefungwa ndani ya boksi la sabuni. Fundi simu mmoja karibu na soko alinipa betri mbili alizozitoa kwenye kompyuta iliyokufa, na akaniruhusu kutumia meza yake mchana anapokwenda kula, kwa sharti kwamba mteja akija nimwambie asubiri. Wateja walikuja. Sikuwaambia kitu. Walisubiri wenyewe. Sindano niliiunga ionyeshe nguvu ya betri, na babu aliipenda hiyo kuliko mambo mengine yote. Alipoanza kuumwa nilikuwa namwekea rimoti kitandani, anawasha, sindano inapanda, anazima, inashuka. Alifanya hivyo mpaka swichi ikavunjika. Ilikuwa swichi ya zamani, imeliwa na kutu. Kabla sijapata nyingine babu akafariki.

Asubuhi ya kuanua matanga niliunga betri moja kwa moja kwa waya, nione kama sindano bado inapanda. Ilipanda. Hapohapo nikaitwa kugawa pilau. Ndiyo maana mtani alipotoka nayo ilikuwa inawaka, na mimi peke yangu pale uwanjani nilijua kwamba betri za aina ile zikiisha kabisa hazijazwi tena, zinatupwa. Sikusema. Kulikuwa na watu wengi mno.

Jumapili nilikwenda Ipuli. Nilifikiri nimejiandaa. Nilivaa sketi ya kanisani, nikachukua chupa ya asali ya Usinge iliyobaki msibani, na njia nzima nilikuwa narudia maneno yangu. Mtani alikuwa kibarazani anachambua mchicha. Rimoti ilikuwa kando yake juu ya mkeka. Nilipiga goti.

Nikasema shikamoo bibi, poleni na uchovu wa msiba, samahani kwa usumbufu, nimekuletea asali, naomba tafadhali unisaidie ile rimoti kwa kuwa nina haja nayo.

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa. Mtani aliitika marahaba. Kisha alinitazama kama mtu aliyepewa dawa ya mgonjwa mwingine.

"Nani kakutuma?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Umekuja na adabu."

"Ndiyo, bibi."

"Basi rudi na adabu yako."

Aliichukua asali akaingia nayo ndani. Nilibaki nimepiga goti, natazama sindano kwenye kidirisha. Ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Mkono wangu ungeweza kuifikia rimoti pale ilipokuwa, na nakiri nilipima umbali. Lakini ukiiba kwa mtani kitu alichokiteka msibani, hiyo si rimoti tena, ni kesi ya koo mbili. Nilirudi nyumbani.

Bibi alikuwa anapepeta mchele. Nilipomwambia, aliuweka ungo chini.

"Umempigia goti?"

"Ndiyo."

"Na asali ukampa."

"Ndiyo."

"Na samahani?"

"Mara mbili," nilisema, maana ya pili niliitoa wakati naondoka.

Bibi alijipangusa pumba mikononi. Halafu akasema yule si mgeni kwetu, ila mimi leo nimemfanya mgeni. Alisema babu na yule mama walitukanana miaka yote bila kuruka siku, na hakuna aliyewahi kumpa mwenzake asali. Nilimwambia bibi kwamba mimi siwezi kumtukana mtu wa umri ule. Bibi akasema si kumtukana, ni kumtania, na kama siwezi basi nianze kuzoea kuona vitunguu ndani ya rimoti.

Tulianza mazoezi jioni ileile. Bibi alijifanya mtani. Aliniuliza kwa sauti ya pwani kwa nini kichwa changu kiko bapa, au ni kwa ajili ya kuweka mizigo. Nilifikiri sana. Nilimwambia hata wewe. Bibi akasema hilo si jibu, hilo ni la watoto wa chekechea. Nikajaribu tena, nikasema watu wa pwani ni wavivu, samahani. Bibi akasema utani hauombewi samahani palepale, angalau nisubiri nifike nyumbani. Tuliendelea mpaka uji ukaungua. Jumatatu nilijaribu peke yangu chumbani, nikiitania boti. Boti haikujibu, na bado nilishindwa.

Ieleweke kwamba hii si kuhusu mtani tu. Mimi shuleni nikijua jibu huwa naliandika na kumsogezea jirani yangu alisome. Yeye amepata sifa nyingi kwa njia hiyo. Sinung'uniki, ni mpango tulioridhiana.

Wakati huo habari za rimoti zilikuwa zinatufikia Chemchem kila siku. Mtani alikuwa anatembea nayo shingoni. Ilisemekana amemsimamisha mwendesha bodaboda mbele ya zahanati, akamrudisha nyuma, akamwambia sasa unaweza kwenda. Kwamba aliielekeza kwa mwenyekiti wa mtaa wakati wa kikao na kusukuma kijiti ili amalize kusema, na mwenyekiti akamaliza. Watu walimpenda zaidi. Mimi kila nikisikia nilikuwa napiga hesabu ya betri. Kwa hesabu yangu ilikufa Jumatatu jioni. Baada ya hapo niliacha kupiga hesabu, nikabaki nawaza bati lenyewe, vijiti, na viungo vya waya nilivyochomea kwa risasi pale mezani kwa fundi simu, sehemu moja mara tatu mpaka ikakubali. Jumatatu inayofuata shule inafunguliwa. Nikiondoka bila kuikomboa, haitakuwapo nitakaporudi.

Alhamisi bibi alinipa debe la mahindi akaniambia nikasage Ipuli. Nilimkumbusha kuna mashine hapa Chemchem. Akasema imeharibika. Nilipita mbele yake ikiwa inanguruma na unga unatoka. Nikaendelea na safari.

Mashine ya Ipuli iko kwenye banda la mabati, na foleni inakaa nje kivulini. Niliweka debe langu nyuma ya wengine. Mtani alikuwa hapo, amekaa juu ya gunia la mtu, rimoti shingoni, antena yote nje. Alikuwa anaongoza foleni. Kila aliyeitwa kuingia na mahindi yake, yeye alimwelekezea antena, akasukuma kijiti mpaka mtu aingie mlangoni, akashusha. Hakuna aliyekataa. Kwa kelele za mashine hakuna lililosikika, na mimi nilishukuru kwa hilo, nikasimama nyuma ya mama mmoja mnene.

Kisha msagaji akazima mashine ili abadilishe chekecheke. Kilikuja kimya ambacho sijawahi kukisikia pale. Mama mnene akainama kufunga gunia lake.

Antena ikanigeukia.

Mtani alisukuma kijiti. Sikusogea. Akavuta. Sikusogea. Akaigonga rimoti ubavuni kwa kiganja, kama watu wanavyogonga redio, akajaribu tena.

"Huyu haitiki," aliwaambia watu. "Nasukuma mbele, haendi. Navuta nyuma, harudi. Mpagazi wa namna gani huyu? Babu zake walitembea kutoka hapa mpaka baharini, miezi mizima, wakafika, wakaonja maji, wakasema chumvi imezidi, wakarudi."

Foleni nzima ilicheka. Mimi mwenyewe karibu nicheke, maana nilimwona babu yangu wa zamani anaonja, anatema, anageuka. Lakini nilikuwa natazama kidole chake juu ya kijiti. Alikuwa anakiendesha vibaya. Toka Jumamosi alikuwa anaendesha vibaya, na hakuna aliyemwambia.

"Unasukuma kimoja tu," nilisema.

"Sema kwa sauti. Mashine imezimwa."

"Vijiti viko viwili." Nilikuwa naiambia haya miguu yangu, lakini yalisikika. "Cha kushoto ni cha kwenda mbele na kurudi nyuma. Cha kulia ni cha kukata kona. Wewe, bibi, toka wakupandishe treni kule kwenu umekamata cha kushoto, tena mbele tu. Ukafika Tabora. Reli hapa inagawanyika, moja Kigoma, moja Mwanza, inabidi mtu akate kona. Ukashindwa. Kurudi nyuma nako hujui. Ndiyo maana uko hapa mpaka leo, unakula michembe yetu ya viazi vikavu na kusema haina ladha."

Kwanza hakuna aliyecheka. Nadhani walikuwa wanahakikisha ni mimi. Kisha msagaji akatoa kichwa mlangoni, mweupe mpaka kope, akaomba nirudie pale pa michembe. Ndipo banda likalipuka. Mama mnene alilishika gunia lake asianguke. Samahani ilinifika mdomoni, ikakaa hapo, nikaimeza.

Mtani hakucheka. Alikuwa amenyoosha mgongo.

"Nani kakufundisha?"

"Fizikia."

"Ongeza."

"Hiyo antena niliikata waya tangu likizo iliyopita. Haifanyi kitu. Umeizungusha Ipuli nzima, unaongoza watu kwa fimbo. Na betri imekufa Jumatatu."

"Lakini walitii," alisema.

"Walitii. Hata wao ni wa pwani?"

Hili la mwisho sikulipanga, na sina hakika lina maana gani, lakini foleni ililipenda kuliko yote. Mtani alivua mkanda shingoni, akaushika mkononi bila kunipa. Akatangaza kwamba imekombolewa nusu. Nusu nyingine ni kazi ya ukoo wetu: debe lake la unga lilikuwa tayari, mpagazi alichukue alifikishe nyumbani. Nikalipandisha kichwani. Langu liliachwa kwa msagaji, nilipitie baadaye. Watu walituona mpaka kwenye kona, mimi mbele na unga, yeye nyuma na rimoti, akisukuma kijiti cha kushoto, halafu kwenye kona, kwa utaratibu mzuri, cha kulia.

Nyumbani kwake nilishusha debe. Aliniambia nikae. Alikaa pia, akaiweka rimoti mapajani, akaanza kuirudisha antena ndani kipande kwa kipande.

"Babu yako alikuwa anapita hapa kila asubuhi," alisema. "Anasimama pale, kwenye ule mlimao. Ananiambia mimi ni mbaya, nyumba yangu ni mbaya, chai yangu inanuka moshi. Halafu anainywa."

Niliutazama ule mlimao.

"Toka tumemzika kila mtu ananipa pole. Shikamoo bibi, pole bibi, umeamkaje bibi. Watoto wa reli wote wananisalimia kama mwenye maradhi. Nikasema nichukue kitu cha maana, mwenye nacho aje anitukane. Ukaja wewe na asali."

"Sikujua," nilisema.

"Nilikaribia kulia. Shukuru kuwa asali ilikuwa nzuri."

Alinikabidhi rimoti. Asali hakunirudishia, na nilipotazama dirishani niliona chupa imebaki chini ya nusu. Nilipofika kwenye mlimao alisema kitu kuhusu miguu yangu na jinsi ilivyoelekezwa na Mungu kila mmoja njia yake. Nilisimama kumjibu, jibu halikuja, nikaondoka. Jibu lilikuja nilipokuwa karibu na nyumbani, na lilikuwa jibu zuri.

Betri zilikuwa zimekufa kweli. Nilizipima kwa fundi simu, kipimo hakikusogea. Alinipa nyingine mbili za kompyuta ileile, na swichi ya tochi. Nikatoboa, nikachomea, nikafunga bati. Kwa nje huwezi kujua. Bibi hakutaka kusubiri siku ya Igombe. Alitoa karai kubwa la kufulia akalijaza maji uani, ingawa maji yenyewe tulikuwa tunayabana wiki hiyo, akaleta na kiti.

Niliiweka boti majini. Nikawasha, sindano ikapanda. Nilisukuma kijiti cha kushoto kidogo sana, pangaboi ikazunguka nyuma ya boti, na boti ya padri ikaenda kutoka upande wangu mpaka upande wa bibi, ikagonga bati, ikasimama. Nikavuta, ikarudi. Nikakata kona. Karai halina nafasi ya kona, lakini pua iligeuka.

"Lete," bibi alisema.

Alisukuma kijiti mpaka mwisho. Boti ilinyanyua pua, ikagonga karai, ikapindukia ukingoni, ikaanguka kwenye matope huku pangaboi inamrushia bibi maji usoni na kwenye kanga ya msiba. Bibi hakuacha kijiti. Niliikimbilia boti nikaiinua, ikiwa bado inanguruma hewani. Bibi akashusha kijiti taratibu, akajipangusa kwa kiganja, akasema inakwenda. Halafu akaniambia nikanawe nije kula. Alikula na rimoti ikiwa mezani, na katikati ya chakula nilimsikia anawasha na kuzima.

Kesho yake, Ijumaa, niliamka kabla ya bibi, nikaoga, nikavaa, nikaenda Ipuli. Mlango wa mtani ulikuwa umeegeshwa, redio inasema habari ndani, na moshi wa kuni unatoka uani. Ndala zake zilikuwa mlangoni, za bluu, kisigino kimeliwa. Nilisimama kidogo kwenye mlimao, pale alipokuwa anasimama babu. Kisha nikapanda kibarazani, nikachukua ya kushoto, nikaitia kwenye begi la shule, nikaondoka kwa mwendo wa kawaida.

Bibi alikuwa anawasha moto nilipoingia. Niliitoa ndala nikaiweka mezani, nikamwambia ni ya nani, na kwamba mwenyewe aje aikomboe. Aliitazama juu, akaigeuza akaitazama chini. Akaongeza maji kwenye sufuria ya chai, na mimi nikatoa kiti nikakiweka mlangoni kuelekea njia ya Ipuli, nikakaa.